Ushambuliaji na Ulinzi: Habari za Mpira wa Miguu na Mafundisho Yake

Katika nchi yetu, tangu Nachingwea hata Ruangwa, palipo na skuli pana kiwanja, na palipo na kiwanja pana maneno. Timu moja ikishinda mara tatu, watu husifu miguu ya vijana wake. Ikishinda mara sita, sifa hugeuka kuwa mashaka, na wengine huanza kunong'ona kwamba wale wana dawa, na kwamba kuna kitu kimezikwa penye goli. Ndipo fedha huchangwa, si kwa kununua mpira, bali kwa kumpelekea mganga aliye hodari kuliko mganga wa wale. Na mara nyingine uadui huingia baina ya vijiji viwili vinavyosali katika kanisa moja, hata watu wazima hunyimana salamu kwa ajili ya mchezo wa vijana.

Nia ya makala haya ni kuonyesha, kwa habari zilizoandikwa, kwamba timu ishindayo sana huwa na mpango wake, na mpango huo waweza kuonekana kwa macho na kujibiwa kwa akili. Habari za mpira kwa muda wa miaka mia na hamsini na zaidi zatufundisha mambo mawili. La kwanza, hapana namna mpya ya kushambulia iliyokaa siku nyingi pasipo kupata jibu. La pili, hapana jibu lisilo na gharama. Na pale ilipolipwa gharama ndipo mshambuliaji mwingine alipoona mlango.

Jambo hili si geni katika nchi za kusini. Mwaka 1882 Wamagwangwara, ndio Wangoni wa upande wa magharibi, waliiangukia Masasi, wakateka watu, na misheni ya UMCA iliyokuwapo pale ikavunjika, ikahamia Newala, juu ya uwanda wa Makonde, karibu na Matola, mkuu wa Wayao. Wangoni walikuja ghafula, kwa wingi, na mwendo wao ulikuwa wa upesi katika nchi iliyo wazi. Jibu la watu wengi lilikuwa kupanda juu, kukaa ndani ya vichaka vizito ambamo njia ni nyembamba na wingi wa adui haumfaidii kitu. Jibu hilo lilikuwa jema. Lakini juu ya uwanda ule maji ni haba sana, na wanawake iliwapasa kushuka magengeni na mitungi yao, wakateke maji chini, kisha wapande tena na mzigo kichwani. Hivyo usalama ulinunuliwa kwa maji. Msomaji aukumbuke mtungi huo, maana tutauona tena viwanjani.

Sheria za mpira tunaoucheza ziliandikwa London mwaka 1863. Siku zile za mwanzo mchezaji aliyepata mpira alikimbia nao mwenyewe mpaka aporwe, na wenziwe wakamfuata kama kundi. Wengi sana walikaa mbele na wachache nyuma, na mlinzi hakuhitaji elimu kubwa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kumkabili mtu mmoja tu. Tarehe 30 Novemba 1872 Waingereza na Waskoti walikutana Glasgow katika mchezo wa kwanza wa mataifa, nao ukaisha pasipo goli hata moja. Baada ya hapo Waskoti walisifiwa kwa jambo lililoonekana dogo: kupasiana. Mmoja humvuta adui, na adui akisha kumkaribia, mpira umekwisha kwenda kwa mwenziwe aliye huru.

Kupasiana kulipoenea, timu ziliona kwamba wawili au watatu wa nyuma hawatoshi kuwazuia watu wanaopeana mpira. Basi wakapunguza watu wa mbele na kuongeza wa katikati, hata ikawa desturi kuwa na fulbeki wawili, hafubeki watatu na fowadi watano. Wa katikati miongoni mwa hafubeki aliitwa sentahafu, naye alikuwa kama mkuu wa timu: alishuka kulinda, alipanda kushambulia, na mpira mwingi ulipita miguuni pake. Mchezo ulipofika pwani yetu pamoja na skuli za misheni, kama ile ya Kiungani huko Unguja, ulikuja na desturi za siku hizo, na majina hayo ya fulbeki na sentahafu yakawa maneno yetu.

Sasa tutazame sheria ya kuotea, maana ndiyo iliyoleta badiliko kubwa la kwanza. Kwa sheria ya mwaka 1866, mshambuliaji aliyepelekewa mpira mbele ilimpasa awe na wapinzani watatu baina yake na mstari wa goli. Wakipungua watatu, ameotea. Walinzi wenye akili walifahamu kwamba sheria hiyo yaweza kuwa silaha yao. Fulbeki mmoja akisogea mbele hatua chache kabla mpira haujapigwa, mshambuliaji huachwa nyuma yake naye huwa ameotea, na kama fulbeki huyo amekosea, yupo bado mwenziwe, na nyuma yake yupo mlinda mlango. Hatari ilikuwa ndogo na faida kubwa. Aliyejulikana kuliko wote kwa ufundi huo alikuwa Bill McCracken, mzaliwa wa Ireland, fulbeki wa Newcastle United. Timu nyingine zikamwiga, hata mchezo ukawa wa filimbi tupu, na watazamaji wakachoka.

Mwaka 1925 wenye sheria wakaibadili: badala ya wapinzani watatu, wawili wakatosha. Matokeo yake yalionekana mara moja. Katika daraja la kwanza la Uingereza magoli yalikuwa 1,192 katika msimu wa 1924 na 1925. Msimu uliofuata, kwa idadi ile ile ya michezo, yakawa 1,703. Fulbeki aliyesogea mbele na kukosea hakuwa tena na mwenziwe nyuma yake. Alibaki mlinda mlango peke yake. Wachezaji ni wale wale na viwanja ni vile vile. Kilichobadilika ni hesabu ya watu nyuma ya mshambuliaji. Hapo twaona jinsi jambo moja la mpango liwezavyo kuleta mamia ya magoli, wala hakuna aliyezika kitu penye milango ya Uingereza.

Jibu lilianza kupatikana mwaka ule ule. Herbert Chapman alikuwa ameanza tu kazi yake Arsenal. Tarehe 3 Oktoba 1925 timu yake ilifungwa na Newcastle magoli 7 kwa 0. Mchezaji wake Charlie Buchan akashauri kwamba sentahafu asipande tena, bali akae nyuma kati ya fulbeki wawili, amkabili sentafowadi wa adui. Chapman akakubali. Siku mbili baadaye Arsenal ikaifunga West Ham magoli 4 kwa 0. Tazameni jinsi watu hawa walivyotumia siku mbili zile: hawakumtafuta wa kumlaumu, bali walitafuta mahali palipopwaya.

Lakini gharama ilikuwapo. Sentahafu aliyekuwa mkuu wa timu sasa amekuwa bawabu. Nani ataupeleka mpira kutoka nyuma hata mbele? Hiyo ndiyo maji yaliyobaki bondeni, na hapana budi mtu ashuke kuyateka. Kwanza fowadi mmoja, kisha wawili wa ndani, wakarudishwa nyuma kufanya kazi hiyo, na aliyeifanya kwa ustadi kupita wengine alikuwa Alex James, Mskoti. Hivyo timu ikawa na mabeki watatu nyuma, watu wanne katikati na watatu mbele. Arsenal ikawa bingwa wa Uingereza mwaka 1931, tena 1933, 1934, 1935 na 1938. Chapman mwenyewe alifariki Januari 1934, lakini mpango wake ulikwisha enea, na Waingereza wakaushika kama sheria isiyobadilika.

Kosa lao lilikuwa hilo la kudhani kwamba jibu jema la jana litafaa daima. Tarehe 25 Novemba 1953 Wahangari walifika uwanja wa Wembley. Mchezaji wao Nándor Hidegkuti alivaa nambari 9, nambari ya sentafowadi, lakini hakusimama mahali pa sentafowadi. Alirudi nyuma, akakaa katikati ya kiwanja. Harry Johnston, sentahafu wa Uingereza, akaingia katika mashaka ambayo mpango wake haukumpa dawa. Akimfuata Hidegkuti, anaacha shimo mbele ya goli, na Wahangari wengine wanaingia. Akikaa mahali pake, Hidegkuti yu huru kupokea mpira, kugeuka na kupiga. Uingereza ikafungwa magoli 6 kwa 3, na matatu yalikuwa ya Hidegkuti. Mwezi Mei 1954 wakaenda Budapest kulipiza, wakafungwa 7 kwa 1.

Watu wakasema Wahangari hawashindiki. Mwaka huo huo wa 1954, katika mashindano ya Kombe la Dunia yaliyofanyika Uswisi, waliifunga Ujerumani Magharibi magoli 8 kwa 3, ingawa mwalimu wa Wajerumani, Sepp Herberger, alikuwa amewapumzisha baadhi ya wachezaji wake. Wiki mbili baadaye timu zile zile zikakutana tena katika fainali, tarehe 4 Julai, mjini Bern. Safari hii Herberger alimweka Horst Eckel, kijana mwenye pumzi, amwandame Hidegkuti kila aendako, ili sentahafu asilazimike kuondoka mahali pake. Wahangari walitangulia kwa magoli 2, lakini Wajerumani wakayarudisha na kushinda 3 kwa 2. Mlango uliokuwa wazi Wembley ulikuwa umekwisha onekana na watu wote, na wenye akili waliutafutia komeo. Wabrazili nao walifika Sweden mwaka 1958 na mabeki wanne mstari mmoja, wawili wakiwa katikati, hata mmoja akivutwa mbele, wa pili yupo. Hawakufungwa goli lolote mpaka nusu fainali, nao wakatwaa kombe.

Huko Italia komeo liligeuka kuwa imani. Mzizi wake ulikuwa Uswisi, ambako mwalimu Karl Rappan, katika miaka ya 1930, alimweka mtu mmoja nyuma ya mabeki wote, asimwandame yeyote, bali awe tayari kuokoa mpira upitao. Waitalia wakauendeleza mpango huo: kila mshambuliaji apewe mtu wake wa kumwandama, na nyuma yao akae mmoja aliye huru. Klabu ya Inter ya Milano, chini ya mwalimu Helenio Herrera, ikatwaa Kombe la Ulaya mwaka 1964 na 1965 kwa namna hiyo.

Lakini mtungi ulikuwa tayari kichwani. Timu iliyojaza watu nyuma ilikuwa na wachache mbele, tena kila mlinzi alijua mtu wake mmoja tu. Tarehe 25 Mei 1967, mjini Lisbon, Inter ilicheza fainali na Celtic ya Glasgow. Inter ikapata goli mapema kwa penalti, kisha ikarudi nyuma kulinda. Celtic wakafanya jambo ambalo komeo halikulitazamia: mabeki wao wakapanda kushambulia. Nani amwandame beki? Washambuliaji walikuwa na walinzi wao, lakini beki atokaye mbali hakuwa na mtu. Goli la kusawazisha lilifungwa na Tommy Gemmell, beki wa kushoto, na dakika chache kabla ya mwisho Steve Chalmers akafunga la pili. Celtic wakashinda 2 kwa 1. Watu waliojifungia ndani kwa komeo walikuwa wamempa adui kiwanja chote kilichobaki.

Mtu asidhani kwamba hayo ni mambo ya Ulaya tu. Mwaka 2022, katika Kombe la Dunia huko Qatar, Moroko chini ya mwalimu Walid Regragui ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali. Katika michezo mitano ya kwanza ilifungwa goli moja tu, nalo lilitiwa na mchezaji wake mwenyewe kwa bahati mbaya. Wahispania, waliojulikana kwa kupasiana, walipasiana zaidi ya mara 1,000 katika mchezo wao na Moroko, lakini hawakufunga. Wamoroko waliwaachia mpira mahali pasipo na hatari, wakasimama karibu karibu mahali penye hatari, na mwisho wakashinda kwa mikwaju ya penalti. Kisha waliifunga Ureno 1 kwa 0. Lakini katika nusu fainali Ufaransa ilipata goli dakika ya tano, na Moroko ikalazimika kutoka nje na kukimbiza mchezo. Ulinzi wa kungoja ni mwema kwa yule asiyedaiwa. Aliyekwisha fungwa hana nafasi ya kungoja. Ufaransa ikashinda 2 kwa 0.

Sasa turudi kwetu. Katika msimu wa 2019 na 2020 Namungo FC ya Ruangwa ilicheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza, ikifundishwa na Hitimana Thierry. Tarehe 8 Julai 2020 Simba, waliokuwa wamekwisha kuwa mabingwa wa msimu ule, walikuja Ruangwa katika uwanja wa Majaliwa, uitwao kwa jina la Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa na Waziri Mkuu wa wakati ule. Mabingwa wenye washambuliaji waliotoka nchi mbalimbali walicheza dakika tisini, nao wakaondoka na kombe lao la ligi pasipo kufunga goli. Matokeo yalikuwa 0 kwa 0. Namungo ikamaliza ligi katika nafasi ya nne, jambo kubwa kwa timu iliyopanda mwaka ule.

Siku ishirini na tano baadaye, tarehe 2 Agosti, timu hizo zilikutana tena Sumbawanga, katika fainali ya Kombe la Shirikisho. Safari hii Simba walishinda 2 kwa 1. Katika ligi, aliye dhaifu akigawana pointi na bingwa amefaidika. Aweza kukaa nyuma, kuziba njia, na kurudi nyumbani kwa furaha. Katika fainali hapana kugawana, na kombe huenda kwa mmoja. Apaswaye kushinda hana budi kufungua mlango wake kidogo ili atoke, na mlango ukifunguliwa kwa kutoka, wafunguliwa pia kwa kuingia. Namungo walipata goli moja walilotoka kulitafuta, na wenzao wakapata mawili. Hata hivyo hawakurudi mikono mitupu, kwa kuwa Simba walikwenda katika mashindano ya mabingwa, na Namungo wakaiwakilisha Tanzania katika Kombe la Shirikisho la Afrika, wakafika hatua ya makundi.

Kwa habari hizi zote, walimu na vijana wa wilaya zetu twapata faida gani? Naona faida ya kwanza ni kujua kuuliza. Timu yetu ikifungwa, yafaa tuulize maswali matatu kabla ya kusema neno lingine. Mpira uliotufunga ulianzia wapi? Nani kati ya wapinzani alikuwa huru, na aliachwaje huru? Tukiziba pale, tutapunguza nini mahali pengine? Swali hili la tatu ndilo lisahauliwalo. Vijana wakifungwa kwa upande wa kulia, juma lijalo huweka watatu kulia, kisha hushangaa kufungwa kwa upande wa kushoto. Bwana wetu alitoa mfano wa mfalme ambaye, kabla ya kwenda vitani, huketi kwanza na kuhesabu kama watu wake watamtosha adui aliye na watu zaidi. Mwenye kuhesabu hivyo hana aibu ya kuwa na watu wachache. Aibu ni ya yule asiyehesabu.

Faida ya pili ni heshima kwa walinzi. Vijana wetu wote wataka kuwa wafungaji, na beki huchaguliwa kama mtu aliyekosa kazi nyingine. Lakini katika habari hizi, mara kwa mara mabadiliko yalianza kwa mtu aliyekaa nyuma na kutazama vema. McCracken alikuwa fulbeki. Shauri la Buchan lilihusu ulinzi. Gemmell alikuwa beki. Aliye nyuma huuona mchezo wote mbele yake, na mwalimu ampaye kazi hiyo kijana mwenye akili hatajuta.

Faida ya tatu ndiyo kubwa. Mtu asemaye kwamba jirani ameshinda kwa dawa amefunga mlango wa elimu kwa mkono wake mwenyewe, maana dawa haionekani, haichunguzwi, wala haijibiwi ila kwa dawa nyingine. Na mwisho wake ni fedha kupotea na ndugu kuchukiana. Lakini asemaye kwamba jirani ameshinda kwa mpango, huyo aweza kuchukua kijiti Jumatatu asubuhi, akachora kiwanja mchangani, akaweka mawe kumi na moja huku na kumi na moja kule, na kuwaita wenzake watazame ni jiwe gani lililokuwa peke yake. Kazi hiyo haina gharama, nayo yaweza kufanywa chini ya mwembe wowote, hata pamoja na wale waliotufunga.